Kidole Alichokificha Fundi Rula

Walimwita Rula kwa sababu hakupinda. Ukimsalimu kutoka kando hakugeuza shingo. Aligeuka mzima mzima, miguu kwanza, kiuno kikafuata, uso ukaja mwisho, kama kabati linalosogezwa na watu wawili. Wasiomjua walisema ana maringo. Waliomjua walicheka tu, maana fundi yule hakuwa na maringo hata ya kujishonea shati jipya. Ni mgongo wake uliokuwa umegoma.

Alikuwa na miaka thelathini na sita, na alishona sare za shule katika chumba chenye cherehani nne, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito, na dirisha lililokubali kufunguka nusu. Cherehani yake ilikuwa ya mwisho, karibu na ukuta, kwa kuwa kila alipoinuka alihitaji kitu cha kushika. Mbele yake alikaa Mama Vifungo, mwanamke wa makamo ambaye kazi yake ilikuwa matundu ya vifungo na vifungo vyenyewe. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi, lakini ndiye aliyemletea Rula mto wa kukalia bila kuombwa.

"Rula, simama vizuri nikunyooshee kitambaa juu yako," humwambia akimwona anainuka kwa kujivuta.

"Nyoosha kwanza mdomo wako."

"Huo umenyooka tangu nizaliwe. Wewe ndiye uliyenyooka ukubwani."

Na kweli ilikuwa ukubwani. Maumivu yalimwanza akiwa na miaka ishirini na miwili, chini kabisa mgongoni, pale uti unapokutana na nyonga. Ajabu yake ni kwamba kupumzika kuliyalisha na kazi iliyafukuza. Wenzake wakichoka hulala wakaamka wazima. Yeye alilala mzima akaamka amekauka kama kola iliyotiwa wanga kupita kiasi. Saa nzima ya asubuhi ilikuwa ya kujikunjua kitandani, mguu mmoja, kisha wa pili, kisha kushika ukingo wa meza. Ikifika saa nne ameshalainika, yuko kwenye cherehani, anapiga pedali kama hakuna kilichotokea.

Akaambiwa ni godoro. Akabadilisha magodoro matatu. Akaambiwa ni kiti. Akaambiwa ni figo, akanywa maji mpaka akachoka njia ya chooni. Jamaa mmoja wa ukoo akamwambia mbele za watu kuwa ule ni uvivu, kwani mtu gani anaumwa alfajiri na kupona saa nne, wakati kazi nzito zote zimeshafanywa na wengine? Rula alijivuta, akaondoka. Lakini neno lile lilikaa kifuani miaka, na mtu akikuita mvivu wakati unatumia saa nzima kuvaa soksi, kuna kitu ndani yako kinavunjika ambacho hakuna picha ya mifupa itakayokionyesha.

Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo. Hatimaye daktari mmoja wa kliniki ya viungo akampiga picha, akamkalisha, akamweleza kwa maneno ya kueleweka. Kinga ya mwili wake imekosea njia, imewasha moto kwenye viungo vya uti wa mgongo. Kila palipoungua, mwili unapaziba kwa mfupa mpya. Pingili zinashikana. Moto usipozimwa, siku moja mgongo wote utakuwa mfupa mmoja.

"Na moto huo mnauonaje?" Rula aliuliza.

"Kwenye damu," daktari akasema.

Ini la mtu hutoa protini fulani kwa wingi mwili unapowaka ndani. Pale kliniki kipimo chake kilikuwa na jina la herufi, lakini wagonjwa wa kwenye benchi walikiita kipimo cha moto. Mtu mwenye afya hafikishi hata tano. Rula alikuwa na arobaini na mbili.

Vidonge havikumsaidia vya kutosha. Kulikuwa na sindano mpya, moja kila wiki mbili, lakini zilikuja chache na wagonjwa ni wengi, kwa hiyo kulikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na sharti. Namba ya moto ishuke angalau kwa nusu ndani ya miezi sita. Isiposhuka, dawa haijakufaa, na nafasi yako anapewa anayesubiri.

Rula alilikubali sharti lile kama mtu anayeshika kamba iliyotupwa kisimani. Hakuuliza kamba imefungwa wapi.

Sindano ya kwanza haikufanya kitu. Ya pili nayo kimya. Baada ya ya tatu, asubuhi moja mkewe alikuta vipande vya kucha sakafuni kando ya kitanda. Akaviokota, akavitazama kiganjani, akamfuata mumewe uani alikokuwa akipiga mswaki.

"Baba Pacha, hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Za mkono?"

"Za mguu."

Kwa miaka minne mwanamke huyu ndiye aliyemkata mumewe kucha za miguu. Aliuweka mguu wa mumewe mapajani mwake kila wiki ya pili, naye Rula alikuwa akitazama dari kwa aibu na kusimulia habari za wateja ili wasizungumzie kilichokuwa kikifanyika. Sasa mwanamke alisimama na kucha zile kiganjani, akacheka, kisha akakasirika.

"Yaani hukuniita hata nione?"

"Nilitaka kwanza nimalize. Ile kubwa ilinisumbua."

Siku ile ya kwanza kliniki daktari alikuwa amemzungushia futi kifuani, akamwambia atoe pumzi yote kisha avute ya kujaza. Kifua kilipanuka sentimita mbili tu. Mtu mzima wa afya huvuka tano. "Daktari, futi yako imelegea," Rula alimwambia, "lakini mbili ni mbili." Tangu hapo alifanya kile ambacho fundi nguo pekee angefanya. Kila Jumamosi mkewe alimpima kifua kwa futi yake mwenyewe ya kazini, na namba ikaandikwa kwenye daftari la vipimo vya wateja, kati ya sketi ya mwanafunzi na suruali ya mlinzi. Mbili. Mbili na nusu. Tatu. Mwezi wa tatu kipimo cha moto kilirudi kikisema tisa. Kufikia mwezi wa tano, futi ilisema tano.

Ila kulikuwa na jambo moja. Dawa ile huzima moto kwa kuipumbaza kinga ya mwili, na kinga iliyopumbazwa haioni wadudu wanaoingia. Ndiyo maana kabla ya kila sindano Sista wa kliniki, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, aliuliza maswali yaleyale kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni: "Homa? Kikohozi? Jino? Kidonda? Usaha popote?" Ukijibu ndiyo, sindano inarudi kwenye friji, nawe unarudi nyumbani. Mwezi wa pili Rula alijibu ndiyo kwa sababu ya mafua. Akarudishwa mara mbili. Wiki tano bila dawa, na mgongo ukarudi kuwa ubao. Akaapa moyoni kuwa hatajibu ndiyo tena.

Sasa njoo kwenye kidole.

Rula hakuvaa kastabini, kile kibati cha kukinga kidole na sindano. Aliyemfundisha kazi hakuvaa, na aliyemfundisha huyo hakuvaa. Katika chumba kile kastabini ilihesabiwa kuwa kofia ya wanaojifunza. Wiki moja kabla ya kipimo cha miezi sita alikuwa akishona nembo kwenye koti la shule kwa mkono, kitambaa kizito, tabaka tatu, sindano ikateleza na kuingia chini ya ukucha wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Akakinyonya, akatema, akaendelea. Fundi akichomwa na sindano hasemi kwa mtu, kama mpishi asivyotangaza kila anapoguswa na mvuke.

Siku ya nne kidole kilikuwa kimevimba na kung'aa. Siku ya sita kilikuwa na mapigo yake chenyewe. Akakifunga plasta, juu ya plasta akapaka chaki ya kukatia ili ionekane ni vumbi la kazi. Mkewe alipouliza akasema amejikwaruza. Siku ya saba, Jumatatu, akaenda kliniki na mkono mfukoni.

"Homa?" Sista aliuliza.

"Hakuna."

"Kikohozi? Jino? Kidonda? Usaha popote?"

"Mzima kabisa, Sista. Nimekata kucha mwenyewe jana."

"Hongera. Lete mkono."

Akampa wa kulia. Sista akatoa damu ya kipimo, kisha akamdunga dawa. Rula akatoka akijiona amekifunga kidole mdomo. Hakujua kwamba ndani ya kijichupa kile cha damu kidole chake kilikuwa kimeshaongea.

Alhamisi akaitwa. Daktari wa kliniki ile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mmoja mbele ya wagonjwa sabini, na mtu wa namna hiyo hujifunza kutazama karatasi kwa sababu karatasi haianzi kusimulia tangu mwanzo.

"Thelathini na nane," akasema.

Rula alifikiri ni namba ya foleni.

"Damu yako. Ilikuwa arobaini na mbili, ikashuka hadi tisa, sasa thelathini na nane. Mwili umeizoea dawa. Hutokea. Samahani."

"Lakini mimi nimepona, Daktari. Nainama. Nakata kucha."

"Nafurahi kusikia. Lakini kamati haitazami kucha." Akasogeza miwani. "Ulikuwa na ugonjwa mwingine wiki hiyo? Homa, jino, kidonda?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi, na hapo ndipo Rula alipoufunga kwa mkono wake mwenyewe. Kwa akili yake, kipimo kile kilikuwa cha mgongo. Kwani si kwa ajili ya mgongo alipewa? Kidole kina habari gani na uti? Akisema kidole, ataonekana amemdanganya Sista, na uongo utakuwa juu ya namba mbaya, makosa mawili badala ya moja.

"Hapana, Daktari."

"Basi kamati inakaa Jumatano. Nitawaambia unavyojisikia, lakini usitegemee."

Nje, kwenye benchi la ukutani, alikaa mwalimu wa chekechea ambaye Rula alikuwa akikutana naye kila mara. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mgongo umeanza kuinama mbele, na alikaa kwenye ukingo wa benchi kwa sababu kuegemea kulimuuma.

"Umepauka uso, fundi."

"Wananiondoa. Damu imepanda, thelathini na nane."

Mwalimu alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Nigawie kumi na tano. Mimi yangu ni tatu. Mwaka wa pili sasa. Picha inaonyesha, mgongo unaonyesha, watoto darasani wananiigiza ninavyokaa chini, lakini damu tatu. Wananiambia, Mwalimu, damu yako safi, hatuna namba ya kushusha, kwa hiyo sindano hupati. Wewe damu yako inapiga kelele. Yangu ni bubu."

"Pole, Mwalimu."

"Usinipe pole. Asubuhi nawachukia wote wenye damu yenye kelele. Ikifika saa nne nawasamehe."

Maneno haya hayapiti hivihivi. Wako watu, na ni wengi, ambao moto unawala mgongo na kipimo hakisemi kitu, na wako ambao kipimo kinapiga kelele kwa jambo lingine kabisa. Kipimo hakina kosa. Kosa ni letu tunaokipa kiti cha hakimu wakati kazi yake ni ya shahidi, shahidi ambaye mara nyingine hakuwepo. Mtu anasema ninainama, tunamwambia ngoja tutazame karatasi. Mwingine anasema siinami, tunamwambia karatasi haijakuona. Na watu wakishajua kuwa namba ndiyo inayosikilizwa, wanajifunza kuficha vidole.

Ijumaa Rula aliingia kazini bila salamu. Alikuwa akishona kola za mashati meupe. Mama Vifungo alipokea shati la nne, akaligeuza kutafuta mahali pa tundu la kwanza, akasimama.

"Fundi. Shati hili lina usaha."

"Ni mafuta ya cherehani."

"Nimetia mafuta cherehani kabla hujaoa, usinifundishe rangi yake. Lete mkono."

"Mama Vifungo, fanya kazi yako."

"Kazi yangu ni kuziba matundu. Lete mkono huo kabla sijakufuata hapo kwenye ukuta wako."

Alipoibandua plasta, wenzao wa cherehani nyingine mbili waligeuza nyuso. Kidole kilikuwa kimekuwa cha rangi ya zambarau hadi kiungo cha pili, na mstari mwekundu umeanza kupanda kiganjani. Mama Vifungo hakutania tena. Alichukua mkoba wake.

"Unakwenda mwenyewe au nikupeleke kwa sikio?"

"Wakikiona hawatanipa sindano tena."

"Na usipokwenda watakupa ya kukuzika. Twende, baba."

Sista alikikagua kidole hadi kiganjani. Akavua miwani, ikaning'inia kwenye kamba yake.

"Jumatatu kilikuwa hivi?"

"Kidogo kuliko hivi."

"Nikakuuliza, ukaniambia mzima kabisa. Nami nikakudunga dawa ya kuilaza kinga yako, na usaha uko ndani. Unajua usaha huu ukiingia kwenye damu wakati kinga imelala kinatokea nini? Ningekuua kwa mkono huu. Wewe ungekufa ukapumzika, mimi ningebaki nao." Akalifungua jalada la Rula. "Thelathini na nane! Sasa naelewa. Ni kidole!"

"Lakini kile ni kipimo cha mgongo, Sista."

"Nani alikwambia? Kile ni mbwa wa mlinzi. Hubweka. Mwizi aingie mlango wa mbele, aingie dirishani, kubweka ni kulekule. Ni sisi tunaopaswa kutoka na taa tukaangalie ameingilia wapi. Nami nilitoka na taa, ukanificha dirisha."

Rula alikitazama kidole chake. Miezi sita amepeleka damu yake mikononi mwa watu, na hakuna aliyewahi kumweleza mbwa anabwekea nini. Yeye naye hakuuliza. Alifungua daftari la vipimo, maana alitembea nalo mkobani kila siku, akaonyesha mstari wa Jumamosi zote. "Tazama futi, basi. Futi haijali kidole."

Sista alilisoma hadi mwisho, akapita na sketi na suruali za watu, kisha akaenda nalo kwa daktari.

Daktari alikipasua kidole siku ileile, akatoa usaha, akampa vidonge vya kuua wadudu. Alipomaliza kufunga bendeji alisema bila kumtazama, "Protini hii hushuka haraka chanzo kikiondoka. Tutapima tena Jumanne. Sindano hakuna mpaka kidole kikauke. Na nitalazimika kuandika kilichotokea."

"Andika, Daktari."

Siku nne zile nyumbani zilikuwa ndefu. Mkewe hakumgombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimletea vidonge kwa saa yake, akasimama mpaka amemeza, akaondoka na bilauri. Jumapili ndipo alipofungua mdomo.

"Nilikuuliza kidole, ukaniambia umejikwaruza."

"Niliogopa."

"Mimi ndiye niliyekukata kucha miaka minne, Baba Pacha. Kuna sehemu gani ya mwili wako hunionyeshi?"

Rula akatazama dari kama zamani.

Jumanne damu ikachukuliwa. Jumatano alasiri akaitwa. Kumi na saba. Nusu ya arobaini na mbili ni ishirini na moja, kwa hiyo sharti lilikuwa limetimia. Kamati ikampa miezi mitatu, si sita. Kwenye jalada lake, daktari alimwonyesha ili asije akasema hakuambiwa, palikuwa na mstari kwa wino mwekundu: mgonjwa alificha maambukizi. Daftari la futi hawakulitaja popote.

"Waliliona?" Rula aliuliza.

"Niliwaonyesha. Walisema si fomu."

Rula alisimama kwa kushika meza. "Daktari, pale nje kuna mwalimu. Damu yake tatu. Umempima kwa futi?"

"Nilimpima mwanzoni."

"Mwanzoni nguo zote huwa zinatosha. Mpime leo."

Daktari alimtazama mtu huyu aliyenusurika kwa pointi nne na ambaye badala ya kushukuru alikuwa akimwagiza kazi. Hakukasirika. Aliandika kitu kwenye karatasi ndogo, na Rula hakujua ni jina la mwalimu au ni la mgonjwa anayefuata. Alipotoka benchi lilikuwa tupu. Mwalimu alikuwa ameshaenda.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya sindano. Rula aliingia, na kabla Sista hajafungua mdomo akaweka mikono yote miwili mezani, vidole kumi vimetanuka, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha.

"Hakuna homa, kikohozi, wala jino. Kidole, tazama mwenyewe."

Sista alifungua bendeji taratibu. Uvimbe ulikuwa umeshuka, rangi imerudi. Akabonyeza pembeni mwa ukucha, na tone dogo la maji ya manjano likatoka.

"Inauma?"

Alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Tone lilikuwa dogo kuliko kichwa cha pini. Asubuhi ile alikuwa ametumia nusu saa kukaa kitako, na wiki iliyokuja ingekuwa saa nzima, na ile ya baadaye asingefika kwenye soksi.

"Inauma," Rula akasema. "Kidogo, lakini inauma."

Sista akaichukua sindano pale kwenye trei, akairudisha kwenye friji. "Njoo Jumatatu ijayo. Nitakiangalia tena."

"Na kisipokauka?"

"Nitakiangalia ile nyingine."

Kazini Mama Vifungo hakumuuliza. Alisukuma kwenye meza yake kastabini kuukuu ya bati, yenye vishimo vilivyolika.

"Ilikuwa ya dada yangu. Vaa."

"Watanicheka hawa."

"Walishakucheka. Vaa."

Akaivaa. Ilimbana, na mshono wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko wa mwanafunzi, akaufumua.

Jumamosi mkewe alichukua futi, akaizungusha kifuani kwake kama kila Jumamosi. Rula alitoa pumzi yote, kisha akavuta. Kuvuta kulikomea mahali ambapo wiki mbili zilizopita hakukukomea. Alihisi mbavu zikigongana na kitu kigumu, akajua kabla hajaambiwa.

"Nne," mkewe akasema, kalamu tayari juu ya daftari.

"Mama Pacha."

"Nini?"

"Mimi fundi. Umeilegeza futi kwa kidole gumba."

Mwanamke hakuinua uso. Futi ilikuwa bado mikononi mwake.

"Pima tena," Rula akasema, akavuta pumzi na kuishika.

Ilikuwa tatu na kidogo. Mkewe akaandika tatu na kidogo, akafunga daftari, akaenda kuleta kikata kucha. Rula alikaa kitandani. Akauweka mguu mapajani mwa mkewe, na safari hii hakutazama dari.